Bei ya Maji Gari Linapochemka

Mimi ni mtu wa Tanga, na mtaa wa Komarock ni ugenini kwangu kwa mwaka wa tisa sasa, ijapokuwa neno hilo la ugenini huwachekesha majirani zangu, ambao hunikumbusha kila mara ya kwamba Eastlands haina mwenyeji, kwa kuwa huyu katoka Machakos, yule Murang'a, wa tatu Kakamega au Siaya, na kwamba tofauti yangu mimi na wao ni moja tu, nayo ni kuwa nikienda kumtazama mama yangu hugongewa muhuri mpakani Lunga Lunga. Pengine wana haki. Walakini mtu hujijua mgeni siku ya dhiki, na mwenye gari kuukuu hufikiwa na siku hiyo mara nyingi kuliko wenzake.

Siku yangu ilikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa Februari, wakati jua la Nairobi, ambalo watoto wa pwani tuliambiwa kuwa halipo, linapokausha majani na nyoyo pia. Nilikuwa nikirejea kutoka Kamulu, ambako rafiki yangu amenunua kiwanja na hapendi mtu apitishe mwezi bila ya kwenda kukiona, nami nilikwisha zipita Ruai na Njiru katika msururu wa malori ya mchanga, mwendo wa jongoo, ndipo nilipouona mshale wa joto umepanda hadi kwenye mstari mwekundu na kutulia pale kama mtu aliyefika kwake. Karibu na njia panda ya kuingilia Kayole mvuke mweupe ulifumka chini ya boneti, injini ikakohoa, na gari likasimama katikati ya Kangundo Road, saa kumi na mbili kasorobo, wakati ambapo Eastlands nzima inarudi nyumbani. Sisi tuliokulia na Kiswahili cha mrima tukilisikia jina la Komarock hatuwezi kujizuia kusikia ndani yake amri, koma!, na gari langu, ambalo halijapata kunitii mimi katika miaka sita ya kulimiliki, siku hiyo liliutii mtaa.

Makala hii haitakuwa na insafu nikijipamba, basi na niseme kweli: jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kufunga milango kwa ndani. Miaka tisa ya kukaa mjini hapa kwa salama haikuweza kufuta hadithi nilizopewa Tanga siku ya kuaga, za Nairobi ambako mtu huvuliwa saa mkononi huku akiitazama, na katika lile jua la jioni linaloinama, honi zikinililia nyuma kama mbwa waliokanyagwa mikia, kila kivuli kilichonijia nilikipa kisu.

Kivuli cha kwanza kiligonga kioo kwa kiganja. Alikuwa makanga wa matatu iliyozuiwa nyuma yangu, kijana wa hirimu ya mwanangu, naye hakuniuliza jina wala habari. "Mzee, toa gia! Tukusukume!" Kisha akawageukia abiria wake: "Wasee, shukeni wawili watatu, huyu buda tumtoe njiani." Wakashuka wanne, mmoja wao amevaa suti na viatu vya ofisini, wakalisukuma gari hadi kwenye udongo wa kando, na yule makanga akakwanyua tawi bichi la kichaka kilichokuwa pale na kulitupa hatua kadhaa nyuma ya gari, kama wafanyavyo madereva wa nchi zetu hizi zote, ili ajaye aambiwe na majani ya kuwa mbele kuna gari lililokufa. Watu wengi huandika juu ya matatu kwa wino wa hasira, nami nimewahi kuwa mmoja wao, na sitaki kuyafuta yote niliyoyaandika. Lakini kila dakika ambayo matatu husimama saa ile ni nauli inayopotea, na hesabu ya mwenye gari haisamehewi jioni kwa sababu ya mzee aliyechemka. Nilipotia mkono mfukoni ili nimpe chochote, matatu ilikwisha ondoka, naye ananing'inia mlangoni akiita abiria wa mjini.

Kivuli cha pili hakikunigonga, bali kilinipigia ukelele. Nilikuwa nimeshuka, nimefunua boneti, na kwa ujinga wangu nimeushika mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, niufungue ili nione kumebaki nini, ndipo nilipoisikia sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Wacha! Wacha hiyo, mzee, itakuchoma uso!" Mtu wa makamo aliyevaa ovaroli iliyopotewa na rangi yake ya kwanza alivuka katikati ya malori, akaniondoa mkono wangu pale taratibu kama mtu amwondoaye mtoto kwenye kisima, akaniambia kuwa maji yale yakipata upenyo hutoka kwa nguvu na kumbabua mtu, na kwamba dawa yake ni kungoja. Naomba msomaji alishike neno hili, kwa kuwa nitalirudia: lile "wacha" lilikuwa la kwanza aliloniambia, na alilisema kabla ya kujua kama nina senti.

Tukangoja. Nikapiga simu kwa kampuni yangu ya bima, ambayo mkataba wake una ukurasa mzima unaoahidi gari la kuvuta saa yoyote ya usiku na mchana, nikachezewa muziki kwa dakika kumi na nne, kisha binti mwenye adabu nyingi akaniomba nikae karibu na simu, nitapigiwa. Bado ninakaa karibu na simu. Fundi, kwa upande wake, alikwisha inama, akamulika kwa simu yake, akaipata ila: mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka shingoni, pale unapokazwa kwa klipu, na maji yote yalikuwa yamemwagika kuanzia Njiru huku mimi nikimlaani dereva wa lori lililokuwa mbele yangu.

Mji huu ulipewa jina na Wamasai kwa ajili ya maji yake ya baridi, lakini Eastlands ya leo haifunguliwi bomba kila siku. Maji huja kwa zamu, na siku zisizo zamu watu huyanunua kwa mtungi wa plastiki wa lita ishirini, ambao kwetu Tanga tungeuita dumu, kutoka kwa vijana wenye mikokoteni. Kwa hiyo mtu akikumiminia mtungi wake jioni amekumiminia kupika kwake na kuogesha wanawe. Fundi alimwita mama mmoja aliyekuwa akikata sukuma wiki kwenye meza ya kando ya njia, akamwambia maneno mawili ya Kikamba nisiyoyafahamu, na mama yule akauinua mtungi wake kutoka chini ya meza na kuuleta mwenyewe, mzito kama ulivyo, bila ya kuuliza ni wa nani. Injini ilipopoa, na hiyo si kazi ya dakika chache, fundi akaikata ile shingo iliyopasuka, akaurudisha mpira mahali pake, akaukaza kwa klipu mpya aliyoitoa kwenye kopo la rangi lililojaa vyuma vidogo vidogo, akamimina maji kidogo kidogo huku injini ikiunguruma polepole, akiisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande kama mwalimu wa chuo anayemsikiliza mtoto akidurusu. Saa mbili za usiku zilikuwa zimepita kidogo alipojifuta mikono.

Hapo nikauliza bei, nami nakiri kuwa nilijitayarisha. Katika muda ule wote wa kungoja nilikuwa nimekwisha kata shauri moyoni kwamba akisema elfu tano nitatoa elfu tano na kushukuru, kwa maana nilikuwa katika kiza totoro, peke yangu, lafudhi yangu ikinitangaza, na sikuwa na fundi mwingine wala njia nyingine ya kufika nyumbani na gari langu. Akasema: "Kazi ni mia tatu. Klipu hamsini. Maji ni ya mama." Nikamtumia mia tatu na hamsini kwa M-Pesa, ambayo tangu ilipoanza mwaka 2007 imetuletea, pamoja na manufaa yake mengine, jambo hili la ajabu, kwamba mtu aweza kukuokoa usimjue, kisha ukayajua majina yake kwa ujumbe wa simu unaposema umemlipa. Majina yale ninayo, lakini sitayaandika, kwa kuwa hakuniomba nimtie gazetini. Mama wa mboga nilimtumia mia moja, akaitazama simu yake, akafungua mfuko wa aproni na kuhesabu sarafu. "Ni ishirini, baba. Themanini ni yako." Nikamwambia aiweke iwe ya asante. Akanitia zile sarafu kiganjani na kunifunga vidole.

Mambo hayakuishia pale. Fundi aliniambia kuwa mpira ule umenichukua hadi nyumbani tu, na kwamba Jumamosi niende mjini kununua mpya, Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan. Nikamshukuru, nikafungua mlango. Akanizuia. "Usiende peke yako, mzee. Wakisikia hiyo Kiswahili yako bei itapanda. Nitakupa kijana." Na kweli, kesho yake asubuhi mwanafunzi wake, mvulana asiyezidi miaka kumi na tisa, alinijia mlangoni Komarock, tukapanda matatu, tukazunguka maduka matatu ya spea, mimi nikiwa nimeamrishwa ninyamaze kama bubu, yeye akiuliza, akinusa mpira, akiukunja, akiuacha, mpaka tukapata tulichokitaka kwa bei ambayo mimi peke yangu nisingeipata kwa maombi wala kwa machozi. Nilimlipa nauli na chakula cha mchana na kitu juu yake. Alikipokea kwa mikono miwili.

Sasa nifikie lililonifanya nishike kalamu. Nilipokwenda Tanga mwezi wa Aprili niliisimulia habari hii kwenye baraza la Ngamiani, mbele ya watu walionizidi umri na maneno, nami niliisimulia kwa majivuno, nikitaka kuwaonyesha kuwa Nairobi si ile waijuayo. Walinisikiliza hadi mwisho. Kisha mzee mmoja, ambaye hukumu zake ni fupi na aghalabu hazikatiwi rufani, akanitazama na kusema: "Basi hukusaidiwa, mwanangu. Ulinunua." Baraza likacheka, na mimi nikacheka, kwa kuwa kwa malezi yetu ya pwani hoja ile haina jibu: hisani ni ile itolewayo bila ya malipo, na ikishatajwa bei, hata ya senti, ile si hisani tena, ni muamala. Nikaikumbuka pia habari ya binamu yangu aliyeko Maskati, ambaye gari lake lilipozama mchangani alikuja mtu asiyemjua na gari kubwa na kamba, akamvuta, akamnywesha kahawa, na alipotajiwa fedha akakasirika kana kwamba katukanwa. Huo ndio wema, walisema barazani. Huko Nairobi kwenu ni soko.

Nimelifikiri neno hilo miezi kadhaa, na leo natamka kuwa mzee wangu, kwa staha yake yote, alikosea, na kwamba malezi yale tunayojivunia nayo yamesahau asili yake yenyewe.

Bwana wa Maskati alifanya jambo jema, na Mungu amlipe; lakini ana mshahara wake, gari lake limejaa petroli, na robo saa ile ya kuvuta haikumpunguzia chakula cha usiku. Makanga wangu naye alitoa bure, nami sitalipunguza lake hata chembe. Ila wema wa dakika mbili waweza kuwa wa bure. Wema wa saa mbili, kwa mtu ambaye riziki yake ni saa hizo hizo, ukiwa wa bure leo hautakuwapo kesho, kwa maana mwenye kuutoa atakuwa amekwisha hama kando ya barabara na kutafuta kazi nyingine. Tunapomtaka fundi aliye maskini atutendee kama tajiri wa Maskati ndipo tumuite mwema, tunamwambia kwamba wema ni pambo la wenye nacho, na yeye asitaraji kulivaa.

Jambo lililonishangaza usiku ule, kwa hakika, halikuwa kwamba nililipa. Lilikuwa kwamba nililipa bei ya kila siku. Ishirini ile ndiyo aliyotozwa yule mama na mwenye mkokoteni asubuhi. Mia tatu ile ndiyo ambayo jirani yangu, mtu wa mtaa, hulipa kwa kazi kama hiyo, kwa maana nilimwuliza. Wote wawili waliuona mfuko wangu umefunguka mbele yao, na hapakuwa na sheria wala jicho la mtu la kuwazuia wasiingize mkono hadi kiwiko. Hawakuingiza. Mtu aliyekwama hana bei. Yuko tayari kutoa chochote, na ndiyo maana ni dhalili. Amwambiaye "ni ishirini" amemrudishia heshima yake, amemfanya tena kuwa mnunuzi kama wanunuzi wengine, na nadhani, ikiwa neno hisani lina maana yoyote, limo pia humo.

Na watu wa pwani tulilijua hili zamani. Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa alitia nanga Mogadishu, na aliyoyaona bandarini ameyaweka katika kitabu cha safari zake: ya kwamba jahazi likifika, vijana wa mji hulijia kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, naye humpa mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu, mgeni hashuki ila kwa nyumba ya kijana huyo, isipokuwa awe amezoea kuja na anawajua watu, na mwenyeji wake ndiye amwuziaye bidhaa zake na kumnunulia. Atakayenunua kwa mgeni yule kwa bei ya kumpunja, au kumwuzia kitu bila ya mwenyeji wake kuwapo, biashara hiyo kwao ilikuwa haihesabiki. Tena mwandishi hafichi kuwa watu wa mji walipata manufaa kwa ada ile. Sahani ile ya chakula, basi, ilikuwa ukarimu na ilikuwa biashara kwa wakati mmoja, na wala hapana dalili kwamba Ibn Battuta, aliyekuwa kadhi na mtu mwepesi wa kukosoa, aliona aibu yoyote ndani yake. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona yule mvulana wa Kirinyaga Road, anakunja mpira wa rejeta na kuniamuru ninyamaze. Alikuwa akifanya kazi ya karne saba zilizopita, na hakuna aliyemfundisha ila fundi wake na njaa yake.

Wala si ada ya Mogadishu peke yake. Mtume wetu alikataza watu wa mji kuwaendea wenye misafara nje, kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni wakajua bei, na wanavyuoni huliita jambo hilo talakki rukbani. Maana yake ni kwamba kutojua kwa mgeni ni amana mikononi mwa mwenyeji, si mawindo. Na wenzangu Wakristo wa Komarock, ambao kanisani husomewa habari ya Msamaria kila mwaka, sijapata kuwasikia wakimtaja yule mwenye nyumba ya wageni, ambaye alipokea dinari mbili, akamwuguza majeruhi asiyemjua, tena kwa ahadi tu ya kwamba kitakachozidi kitalipwa msafiri atakaporudi. Alilipwa, ndiyo. Lau angekataa mtu asiyejulikana, au akataka dinari kumi kwa kuwa mtu anakata roho, Msamaria angefanya nini?

Lazima nitaje upande wa pili, nisije nikaonekana mtu aliyelewa kwa mtungi mmoja wa maji. Kila dereva wa Nairobi amesikia ile hila ya msongamano, na wengine wameilipia: mtu usiyemjua hukuonyesha gurudumu lako kwa hofu kubwa, kana kwamba linawaka moto, nawe ukisimama hutokea fundi ambaye hukumwita, na mafuta ambayo hayakutoka katika gari lako, na bei ambayo ilikwisha pangwa kabla ya ugonjwa kupatikana. Hii ni ghiliba, na nimewasikia watu wakisema kwamba kwa sababu yake hawatasimama wala kushusha kioo kwa mtu yeyote maisha yao. Lakini alama ya kuzitofautisha ipo, na haimo katika kulipwa au kutolipwa. Yule mlaghai huleta shida pamoja na dawa yake, na bei yake huja mbio. Fundi wangu aliikuta shida imekwisha kaa, akanikataza nisijiunguze kwanza, na bei aliitaja alipoulizwa, mwishoni, akijifuta mikono.

Nchi hii imekuwa na chama cha wenye magari tangu mwaka 1919, enzi ambazo mwenye gari alikuwa mzungu au tajiri, naye alikuwa na haja na chama hicho. Magari yetu ya leo, yaliyokwisha tumika Japani kabla ya kuvuka bahari kuja kuzeeka kwetu, huokolewa na watu wengine. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya, ya mwaka 1972, ndiyo iliyoueneza ulimwenguni msemo wa sekta isiyo rasmi, nasi tukawapa watu wake jina lililo bora zaidi, jua kali. Na mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji akawaahidi vivuli vya kufanyia kazi. Tangu hapo kila serikali imewasifu kwenye majukwaa. Walakini fundi wa kando ya barabara hasifiwi. Yeye huhesabiwa uchafu wa njia, na barabara inapopanuliwa huwa wa kwanza kuondolewa, ahamie ndani, nyuma ya soko, mahali ambapo gari lililochemka haliwezi kufika kwa miguu yake.

Sidai kuwa akae juu ya lami. Barabara lazima zipanuliwe, nami ni wa kwanza kulaani msongamano wa Kangundo Road kila asubuhi. Ninalolitaka ni dogo: wahandisi wanapochora njia za miguu na mitaro na vituo vya matatu, wachore pia, kila baada ya mwendo fulani, eneo la gari mbovu lenye kivuli kimoja na bomba moja la maji, na fundi apewe hapo kibali cha halali kwa ada anayoiweza. Na kampuni za bima, zinazotuahidi gari la kuvuta na kutuchezea muziki, zingeweza kuwaandikisha mafundi hawa na kuwalipa mia tatu zao badala yetu. Ingekuwa rahisi kwao kuliko huo muziki.

Nilipita pale Jumanne iliyopita. Mama wa mboga yupo, na mtungi wake uko chini ya meza. Kibanda cha fundi nacho kipo, ng'ambo ya barabara, na kwenye bati lake la mbele mtu amekwisha piga alama ya X kwa rangi nyekundu.